KONTAKTA NA UMEME WA BETRI

Wasomaji wetu walio mashambani hawahitaji tena kuelezwa umeme ni kitu gani. Paneli za jua zimefungwa juu ya mapaa ya shule na zahanati, ya misikiti na makanisa, hata ya nyumba za watu wa kawaida. Na mahali pengi ambapo zamani maji yalitekwa kwa ndoo, leo pampu huyasukuma mpaka tangini. Lakini pamoja na neema hii imekuja taabu moja tunayoiona mara kwa mara: watu huchukua chombo kilichotengenezwa kwa umeme wa nguzo, wakakifunga katika umeme wa betri, kisha wakashangaa kikiungua. Chombo kimojawapo kinachoharibika sana kwa njia hiyo ni kile mafundi wanachokiita kontakta, nacho ndicho tupendacho kukieleza leo.

Tulipata kuona jambo hili kwa macho yetu katika shule moja ya bweni, ambayo jina lake hatulitaji. Shule hiyo ilikuwa na betri zenye jumla ya volti 24 na pampu ya kisimani. Fundi alinunua kontakta mjini, mpya katika sanduku lake, na juu ya koili yake imeandikwa 24 V. Mwalimu mkuu akasoma 24 katika betri, akasoma 24 katika kontakta, akaridhika; na ni nani asingaliridhika? Swichi ikafungwa, kontakta ikalia ta!, pampu ikaanza kazi, watoto wakashangilia. Hata robo saa haijaisha, harufu ya vanishi inayoungua ikajaa chumbani, kisha moshi, kisha pampu ikanyamaza. Kwa siku tisa wanafunzi walikwenda mtoni na ndoo kabla ya masomo, na watu wote wakasema fundi ameuziwa mali ya bandia.

Mali ile haikuwa ya bandia. Baada ya zile tarakimu 24 palikuwa na alama ndogo mfano wa wimbi la bahari, na mbele yake 50 Hz. Hakuna aliyeitazama alama hiyo, na alama hiyo ndiyo iliyokuwa ikisema kwamba koili ile si ya betri.

Kwanza tuseme kontakta ni nini. Chifu akitaka lango la boma lifunguliwe haendi yeye mwenyewe kulisukuma. Hutamka neno moja, na tarishi mwenye nguvu huenda akalifungua. Kontakta ni tarishi wa namna hiyo. Umeme mdogo upitao katika waya mwembamba humwamuru, naye hufunga au hufungua njia ya umeme mkubwa upitao katika waya mnene. Kila aliyepanda lori amekwisha kusikia kazi yake: dereva azungushapo ufunguo, ule mlio wa kwanza kabla injini haijaanza kuzunguka ni mlio wa chombo cha jamii hii hii, kikiunganisha betri na starta. Starta ya lori huvuta mamia ya ampea. Kama ampea hizo zingepita katika ufunguo wenyewe, ufunguo ungeyeyuka mkononi mwa dereva.

Ndani yake mambo si mengi. Mna koili, yaani waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi na kuviringishwa mara nyingi sana. Katikati ya koili mna chuma kisichotembea. Mbele yake mna chuma kingine kitembeacho, kimeshikwa nyuma na springi. Na juu ya chuma hicho kitembeacho zimebebwa pointi, ambazo ndizo mlango wa umeme mkubwa. Umeme ukiingia katika koili, chuma huwa sumaku na kuvuta chuma mwenzake, pointi zikagusana. Umeme ukiondoka, sumaku hufa, springi hurudisha chuma mahali pake, pointi zikaachana. Jambo hili si geni hata kidogo. Ilikuwa mwaka 1825 ambapo Mwingereza William Sturgeon alipinda kipande cha chuma mfano wa kwato la farasi, akakizungushia waya, na kwa umeme wa betri chuma hicho chenye uzito wa kama gramu 200 kikainua kilo nne. Betri ile ilikuwa ya umeme uendao upande mmoja tu, maana umeme wa namna nyingine ulikuwa bado haujatumiwa na watu.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Umeme uletwao na nguzo huitwa mkondo geu, kwa sababu hauendi upande mmoja: huenda mbele, hurudi nyuma, huenda mbele tena, na katika nchi zetu za Afrika Mashariki hufanya safari hiyo kamili mara 50 katika kila sekunde. Umeme wa betri na wa paneli huitwa mkondo mnyoofu. Hutoka katika ncha chanya, hupita katika kazi, hurudi katika ncha hasi, wala haugeuki. Mtu asidhani kwamba mmoja ni bora na mwingine ni hafifu. Mji wa New York huko Marekani ulipewa mkondo mnyoofu na Thomas Edison mwaka 1882, na ijapokuwa mkondo geu ulikuja kuushinda kila mahali, wateja wa mwisho wa mkondo mnyoofu katika mji ule hawakukatiwa mpaka mwaka 2007. Sasa paneli za jua zimeurudisha mkondo huo kwa nguvu, na umerudi kwa njia ya vijijini.

Basi kwa nini koili ya mkondo geu iungue katika betri, na hali volti ni zile zile? Tuchukue mfano wa mtumbwi uliopakiwa magunia, umeelea ufukoni. Mtu akiusukuma mbele, na kabla haujashika mwendo akauvuta nyuma, kisha mbele, kisha nyuma, haraka haraka, mtumbwi hutikisika tu mahali pake. Lakini akiusukuma upande mmoja bila kuacha, huondoka, na mwendo wake huzidi mpaka maji yenyewe yauzuie. Umeme ulio ndani ya koili una uzito wa namna hiyo. Katika mkondo geu, kabla ampea hazijapanda sana volti zimekwisha kugeuka, nazo ampea hurudi chini. Kwa hiyo koili hujikinga kwa kule kugeuka geuka kwenyewe, wala mtengenezaji hana haja ya kuifanya iwe na upinzani mkubwa. Katika betri hakuna kugeuka. Kizuizi kilichobaki ni upinzani wa waya wenyewe tu.

Tuonyeshe kwa hesabu, maana walimu watapenda kuifanya ubaoni. Koili moja ya kontakta ndogo ya volti 24 za mkondo geu ina upinzani wa karibu omu 6. Ikiwa katika umeme wake, baada ya kuvuta, hupitisha kama ampea 0.3 tu. Lakini ukiifunga katika betri, gawanya volti 24 kwa omu 6: hupita ampea 4. Zidisha 4 kwa 24, utapata wati 96, na wati hizo zote hugeuka joto ndani ya kitu kisichozidi yai la kuku. Koili ya kontakta iliyo sawa na ile kwa ukubwa, lakini ya mkondo mnyoofu, ina upinzani wa karibu omu 107. Hupitisha ampea 0.22, na joto lake halifiki wati 6. Ndivyo ilivyokuwa pale shuleni. Tarakimu zilikuwa zile zile, joto likazidi zaidi ya mara kumi na tano.

Kinyume chake nako hakufai. Koili ya mkondo mnyoofu ikifungwa katika umeme wa nguzo, kwa upinzani wake mkubwa haipati ampea za kutosha. Chuma hunguruma na kutetemeka bila kushika, na pointi hugongana mpaka ziharibike.

Kwa hiyo kabla ya kununua, soma alama. Wimbi, au herufi AC, ni mkondo geu. Mstari ulionyooka wenye vistari vifupi chini yake, au herufi DC, ni mkondo mnyoofu. Ziko pia kontakta za siku hizi zenye vifaa vya elektroniki ndani ya koili, zimeandikwa AC/DC, nazo hupokea umeme wa namna zote mbili. Ni ghali zaidi, lakini huondoa mashaka. Na ikiwa maandishi yamefutika, kama yafutikavyo mara nyingi katika vitu vilivyotumika, chukua mita upime omu kati ya A1 na A2, kisha ugawanye volti za betri yako kwa omu hizo. Kontakta ndogo ikikuonyesha ampea kadhaa, iache dukani.

Herufi hizo A1 na A2 ndizo alama za ncha mbili za koili, nazo ni moja katika kontakta karibu zote zitokazo viwandani leo. Pointi kubwa huandikwa 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6. Umeme huingia kwa namba ya witiri na kutoka kwa namba ya shufwa. Pointi ndogo ya pembeni, isiyobeba mzigo, huandikwa 13 na 14 ikiwa ya kufunga, au 21 na 22 ikiwa ya kufungua.

Tuseme sasa jinsi ya kufunga. Fundi mwenye akili hutenganisha njia mbili kichwani mwake kabla hajashika waya: njia ya amri, ambayo ni nyembamba, na njia ya mzigo, ambayo ni nene. Njia ya amri huanza katika ncha chanya ya betri na kupita kwanza katika fyuzi yake ndogo. Huenda katika kitufe cha kusimamisha, ambacho hukaa kimefungwa mpaka kibonyezwe. Kutoka hapo huenda katika kitufe cha kuanzisha, ambacho hukaa wazi mpaka kibonyezwe. Kisha huingia A1. Kutoka A2 hurudi katika ncha hasi. Ukiishia hapo pampu itakwenda kwa muda ule tu kidole kikiwa juu ya kitufe. Kwa hiyo chukua waya kutoka mahali vitufe viwili vinapokutana, upeleke 13, na kutoka 14 upeleke A1. Kontakta ikivuta, hujishika yenyewe kwa njia hiyo ya pembeni hata kidole kikiondoka. Faida yake kubwa ni kwamba umeme ukikatika, kontakta huachia, na ukirudi haivuti tena mpaka mtu abonyeze. Hivyo anayetengeneza pampu akiwa ameiinamia hatakatwa mkono kwa sababu jua limetoka mawinguni. Ukitaka tangi lijizuie lenyewe lisifurike, tia swichi ya boya katika njia ile ile ya amri, mfululizo na kitufe cha kusimamisha. Hapo pampu itasimama tangi likijaa, nayo haitaanza tena mpaka mtu abonyeze kitufe.

Liko jambo ambalo katika umeme wa nguzo halina maana, na katika betri lina maana sana, nalo ni upande. Koili tupu ya waya haijali chanya iingie A1 au A2. Lakini koili nyingi za mkondo mnyoofu zimetiwa diodi ndani yake, na sababu yake ni hii. Ule mtumbwi uliokwisha kushika mwendo haukubali kusimamishwa ghafla. Vivyo hivyo umeme wa koili. Swichi ikiufungulia, umeme hutafuta njia ya kuendelea mbele, na koili ya volti 24 yaweza kurusha mamia ya volti kwa nukta moja ndogo ya wakati. Kwenye kitufe cha kawaida utaona cheche. Lakini wako watu wanaofunga koili katika kidhibiti chaji cha paneli, mahali pa kufunga taa, na humo ndani hamna swichi ya chuma, bali mna transista. Cheche ile huiua transista kimya kimya, kidhibiti kikafa, tena husemwa kwamba ni radi.

Dawa ni diodi moja isiyozidi bei ya kikombe cha chai. Hufungwa kati ya A1 na A2, ule upande wenye mstari ukielekea chanya. Kwa siku zote imelala haifanyi kitu, maana haipitishi umeme upande huo. Swichi ikifunguliwa, umeme wa koili huzunguka kupitia diodi mpaka uchoke. Ukiigeuza diodi, umefunga chanya na hasi pamoja, na fyuzi itakatika papo hapo, kama ipo. Ndiyo maana kontakta iliyo na diodi ndani imeandikwa + karibu na A1, na alama hiyo haikuwekwa kwa pambo. Diodi ina kasoro yake: kwa kuwa umeme huchoka polepole, chuma nacho huachia kwa kuchelewa, yaani mara kadhaa ya muda wake wa kawaida. Kwa pampu ndogo si neno. Kwa mzigo mkubwa ni neno, kwa sababu pointi zikiachana kwa uvivu huungua; hapo mafundi hutumia kizuizi cha namna nyingine, chenye zena pamoja na diodi, kinachouchosha umeme upesi zaidi.

Umbali nao una hesabu yake. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba una upinzani wa karibu omu 12 kwa kila kilomita. Tangi likiwa kilimani mita 60 kutoka nyumba ya betri, kwenda na kurudi ni mita 120, yaani karibu omu moja na nusu. Koili ndogo ya ampea 0.22 hupoteza njiani theluthi ya volti, na hilo halina madhara. Lakini ziko kontakta kubwa za betri ambazo wakati wa kuvuta hutaka ampea 3 au zaidi; hizo hupoteza zaidi ya volti 4. Mwenye betri ya volti 12 amebakiwa na volti kama saba na nusu, na koili kwa kawaida hutaka kiasi cha robo tatu ya volti zake ili ivute. Basi itajaribu, itashindwa, itajaribu tena. Kwa mambo hayo rilei ndogo husaidia: boya huamuru rilei iliyo karibu na betri, na rilei huamuru kontakta.

Kutetemeka kuna sababu nyingine iliyo mbaya zaidi, nayo huwapoteza hata mafundi. Kontakta ikivuta, pampu huanza na kunywa ampea nyingi. Ikiwa waya za betri ni nyembamba, au betri zimezeeka, volti huanguka. Koili ikikosa volti huachia. Pampu ikiachwa, volti hurudi. Kontakta huvuta tena. Utasikia ta-ta-ta-ta kama bunduki ya rashasha. Kwa kila mlio pointi huungua kidogo, na mwisho huyeyuka zikashikamana. Kontakta iliyoshikamana haisikii amri ya mtu; ubonyeze kitufe chekundu mpaka kidole kiume, pampu haisimami. Dawa yake haipatikani dukani kwa kununua kontakta nyingine, bali ni waya nene, fupi, zilizokazwa vizuri, na njia ya amri ichukuliwe katika ncha za betri zenyewe, isichukuliwe mwisho wa waya za pampu.

Pointi hushikamana pia kwa sababu ya inveta na vidhibiti vya pampu za kisasa. Ndani yake mna kapasita, ambazo zikiwa tupu hunywa umeme kwa pupa wakati wa kufungwa, mamia ya ampea kwa nukta moja. Watengenezaji hushauri zijazwe kwanza polepole kupitia rezista, ndipo kontakta ifungwe.

Mpaka hapa tumesema habari za koili. Lakini koili ikiungua hasara ni moshi na fedha. Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika pointi, nayo haionekani siku ya kwanza, ya pili, wala mwezi wa kwanza.

Pointi mbili zenye mzigo zikianza kuachana, umeme haukubali kukatika. Huruka ile nafasi ndogo, na hewa yenyewe huwaka, ukatokea ulimi wa moto wenye joto la maelfu ya digrii. Na shaba huyeyuka kwa digrii 1,085 tu. Katika mkondo geu ulimi huo huzaliwa na kufa wenyewe, kwa kuwa umeme, kila ugeukapo, hupita katika sifuri, mara 100 kwa sekunde. Pointi zikiwa zimekwisha kuachana vya kutosha, moto uliozimika hauwaki tena. Mkondo mnyoofu hauna sifuri. Ulimi ukishawaka huendelea kuwaka mpaka mojawapo ya mambo haya itokee: urefushwe mpaka volti zisiutoshe, upozwe, au ule kila kitu kilicho karibu nao. Kwa betri ya volti 12 ulimi ni mfupi na hufa upesi, maana wenyewe huhitaji volti kadhaa ili uishi, na kadiri unavyorefuka ndivyo unavyohitaji zaidi. Kwa volti 48 na mzigo wa mota lazima mtu awe mwangalifu. Na kwa paneli zilizofungwa mfululizo ni hatari kabisa. Paneli moja kubwa isiyo na mzigo hutoa karibu volti 40; kumi zikifuatana ni volti 400, na ulimi wa volti 400 za mkondo mnyoofu huweza kuivuka kontakta ya kawaida na kukaa hapo ukiwaka, kontakta ikiwa imefunguka kabisa.

Kwa hiyo mtu asijidanganye kwamba kontakta iliyoandikwa 400 V itafaa kwa volti 400 za paneli. Maandishi yale ni ya mkondo geu. Tafuta katika karatasi yake, au ubavuni, maneno DC-1, ambayo ni kwa mizigo mitulivu kama majiko ya umeme, au DC-3 na DC-5, ambayo ni kwa mota, pamoja na volti na ampea zake. Utaona kwamba kontakta ile ile, katika mkondo mnyoofu, ampea zake hupunguka sana kadiri volti zinavyopanda. Na ikiwa karatasi haisemi lolote juu ya DC, jibu ni kwamba haifai.

Ipo njia moja ya halali ya kuiongezea nguvu, nayo watengenezaji wenyewe huionyesha katika karatasi zao: kuzipitisha pointi tatu mfululizo. Chanya ya betri, baada ya fyuzi kubwa, huingia 1. Unaunga 2 na 3 kwa waya mnene mfupi. Unaunga 4 na 5. Na kutoka 6 unakwenda katika chanya ya pampu. Hasi ya pampu hurudi katika hasi ya betri. Sasa pointi zikiachana, ulimi mmoja umekuwa ndimi tatu fupi, na volti za betri zimegawanywa kati yao, zikawa hazitoshi kuzilisha. Tumeona mafundi wakiacha jozi mbili zikae bure, eti waya wa betri ni mmoja tu. Hilo ni kosa.

Kontakta zilizotengenezwa hasa kwa mkondo mnyoofu zina hila nyingine. Kando ya pointi huwekwa sumaku, na kwa kuwa umeme husukumwa na sumaku, ulimi hupulizwa pembeni, ukarefuka na kuingia katika vyumba vidogo vya udongo wa kuchoma, ukakatika humo. Hila hii ni nzuri sana, ila sumaku ya kudumu husukuma upande mmoja kwa umeme uendao upande mmoja. Ukiugeuza umeme, msukumo nao hugeuka: ulimi, badala ya kurushwa nje, hurushwa ndani, kwenye mashine yenyewe. Ndiyo sababu utaona alama ya + hata kwenye pointi kubwa za kontakta hizo, na waya wa chanya sharti uingie hapo. Mahali ambapo umeme hupita pande zote mbili, mathalani kati ya betri na inveta ambayo pia huichaji betri hiyo, usitumie kontakta ya upande mmoja. Ziko zisizochagua upande, na muuzaji aulizwe.

Kuhusu fyuzi kubwa tuliyoitaja, iwekwe karibu na betri kadiri iwezekanavyo. Betri ya risasi na asidi ya ampea-saa 100, ncha zake zikigusana kwa spana, yaweza kutupa zaidi ya ampea 1,000, na pete iliyo kidoleni mwa fundi hugeuka kaa la moto kabla hajapiga kelele, heri kuivua. Fyuzi nayo iwe imeandikwa DC kwa volti zako, kwa sababu ile ile ya ulimi wa moto. Wala usiifunge kontakta ndani ya sanduku moja na betri za asidi. Betri hizo zikichajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, na kontakta kazi yake ni kutoa cheche.

Tulirudi katika shule ile baada ya kontakta ya pili kuletwa, yenye koili ya mkondo mnyoofu ya volti 24. Mwalimu wa sayansi aliipima kwa mita mbele ya wanafunzi wake, akaandika omu ubaoni, akagawanya, akawaambia ampea zitakazopita kabla haijafungwa. Ilipovuta, mita ilionyesha karibu vile vile alivyoandika. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba waya wa pampu ulikuwa umepitishwa katika jozi moja tu ya pointi, nao ukafunguliwa na kupitishwa katika jozi zote tatu. Ile kontakta iliyoungua imetundikwa kwenye msumari ndani ya darasa, na alama yake ya wimbi imezungushiwa wino mwekundu.